Neno Ambalo Mzee Révérien Hakuligawa

Wasikilizaji wapendwa wa Uvira, nanyi mnaotusikia huko milimani Lemera, leo mnisamehe sauti yangu. Mzee Révérien ametutoka. Narudia, maana mwenyewe bado siamini: Mzee Révérien, msemaji wa arusi zetu, ametutoka. Jumamosi alikuwa ameshika mikro, anawatania maarusi. Jumapili mke wake, Mama Pélagie, alimwamsha waende misa. Hakuamka. Jamani!

Mnamjua kwa neno moja: adhama. Ni ukuu wa kifalme, ule unaomfanya mtu asimame bila kuamriwa. Kwao Lemera babu yake alimfundisha hivi: neno hilo likitamkwa, unasimama, unavua kofia, unanyamaza. Ni la Mungu na la mwami, mfalme wetu, basi. Kwa hiyo arusini alikuita mrembo, alikuita simba, alikuita hata nguzo ya Kivu Kusini. Adhama hakukupa. Wakubwa walimwomba, naye akawacheka: "Mheshimiwa, weye uko na gari. Inatosha."

Kisha akaolewa Noella, binti yake wa pekee. Mbele ya keki alimnong'oneza baba yake: "Papa, leo tu. Uniite na ile neno." Mzee akakataa. Mbele ya wakwe! Noella alilia mpaka poda ikamtoka usoni. Tangu siku hiyo, akifika kwa wazazi, alimsalimia mama yake tu na kurudi kwake.

Nilimkuta msibani. Akaniambia: "Minye nilikuwa namungojea aniombe musamaha. Naye alikuwa ananingojea minye. Sasa nani ataomba mwenzake?"

Makaburini wakampa Noella mikro ya baba yake. Wote tulijua anataka kusema nini. Wazee wa Lemera, waliokuwa wamekaa kwenye viti vya mbele, wakakunja uso. Hilo si neno la kumzikia msemaji wa arusi.

"Papa yangu alikuwa na..." Noella akakwama. Akamwangalia mama yake, akatikisa kichwa. "Hapana. Alininyima ile neno juu alikuwa anaiheshimu. Nikimupa leo, nitaharibu kazi yake yote." Akaweka mikro chini, akalia kwa sauti.

Hapo Mzee Modeste, mkubwa wa wale wazee, akasimama. Akavua kofia. Wa pembeni yake naye akasimama. Kisha watu wote, hadi wachimba kaburi. Kimya. Neno halikutamkwa na mtu yeyote, wasikilizaji. Narudia: halikutamkwa. Nami nilikuwa nimesimama, sijui nimesimama saa ngapi.

Mama Pélagie, poleni sana. Noella, pole, dada yangu. Baba yako alikuona. Nanyi mlionuniana nyumbani, kila mmoja anamngojea mwenzake aanze, tafadhali, mwendeeni leo hii.

Sasa nanyamaza kidogo. Kama umevaa kofia, unajua la kufanya.