Bustani ya Aliyelalia Ubavu

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi na wajumbe wako. Walimu wangu wa chuo, ambao nawaona safu ya pili mkiwa na kalamu mkononi kana kwamba mtihani wangu haujaisha. Mafundi wa karakana ya mabango. Majirani, jamaa na wageni waalikwa wote, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizieleze picha zilizo nyuma ya milango hii kabla Mheshimiwa hajaifungua. Nina shahada ya historia ya sanaa, ambayo wino wake haujakauka, lakini sababu hasa ni kwamba mchoraji ni shangazi yangu, na alipotakiwa azungumze mwenyewe alijibu, "Mpeni Profesa. Tulimsomesha ili aongee."

Shangazi ameandika mabango ya maduka tangu kabla sijazaliwa. Nani kati yetu hajaingia kwa kinyozi au duka la dawa akiongozwa na herufi zake? Na nani alijua kuwa ni zake? Mwandishi wa mabango haweki sahihi. Jina linaloonekana ni la mwenye duka. Naomba tulishike jambo hilo, maana ndilo lililotuletea matata juzi.

Mwaka juzi madaktari walimkuta na maradhi ya mapafu ya kuambukiza, wakaagiza atengwe. Akahamia chumba cha nyuma, ambacho mlango wake hufungukia bustanini. Ubavu wa kushoto ulimuuma hata kwa kuguswa na shuka, kwa hiyo akalalia wa kulia, uso mlangoni, kwa miezi yote ile. Bustani yenyewe haikuwa ya kujivunia: matuta machache ya nyanya, boga lililopanda ua wa mabati, mpapai mmoja, na waridi lililokunywa maji ya kufulia. Aliagiza vipande vya mbao nyembamba vilivyobaki karakanani na makopo ya rangi ya mabango. Kopo la kijani halikuwamo, akajichanganyia lake kwa bluu na njano, akaegemeza ubao kwenye kiti kando ya kitanda, akaanza kuchora.

Mimi nilipeleka chakula. Nilikiacha barazani, nikarudi nyuma hadi kwenye kamba ya nguo, tukaongea kwa mbali. Siku moja nikaona nyanya zimenyauka, nikachukua ndoo.

"Weka chini hiyo ndoo," akasema.

"Shangazi, zinakufa."

"Naziona. Nimeshachanganya kahawia yake. Ukizimwagilia leo, kesho nitachora nini?"

"Na tutakula nini?"

"Nenda sokoni, Profesa. Kule hawachori."

Nasimulia haya kwa sababu kadi ya mwaliko mliyo nayo inasema kwamba uzuri wa asili ndio uliomponya. Naiheshimu Kamati, lakini sentensi hiyo naipinga. Zilizomponya ni dawa, alizozimeza kila asubuhi huku zikimchafua tumbo, na muuguzi aliyekuja hata siku za mvua. Bustani haikujua kama yupo. Wadudu waliyatoboa majani ya boga yeye akiwa hoi, na mpapai ukazaa bila kumjulia hali. Je, tunamheshimu mchoraji kwa kuugeuza ua wake kuwa zahanati? Kwa maoni yangu, ukubwa wa kazi hii uko hapa: aliitazama bustani isiyomjali, akaitazama sawasawa, na hakuidai kitu.

Sasa nije kwenye matata. Juzi shangazi alikuja kukagua picha zilivyotundikwa. Alipita ukuta hadi ukuta, kisha akamgeukia Mwenyekiti.

"Nani kazigeuza?"

Wageni waalikwa, anayelalia ubavu huuona mpapai umelala. Shina linatoka upande mmoja linakwenda upande wa pili, na ardhi inasimama wima kama ukuta. Kwa shangazi, juu ya picha ni pale kilipokuwa kichwa chake, kwenye mto. Lakini ubao hauna sahihi ya kumwonyesha mtu juu ni wapi, na Kamati, kwa nia njema kabisa, ilifuata mashina: ikaisimamisha mimea yote.

"Mama, mmea huota kwenda juu," akasema Mwenyekiti.

"Na mimi nilikuwa nimelala."

"Watu watasema hatujui kutundika picha."

"Waache waseme. Nimetundika mabango maisha yangu yote, hawajaacha kusema."

"Basi tuziache hivi, tubandike tangazo la kueleza."

"Tangazo?" Hapo alicheka. "Baba, matangazo nimeyaandika mimi. Watu hawasomi." Kisha akanigeukia. "Profesa, tafuta gari. Zinarudi nyumbani."

Hakuwa akitisha mtu. Picha ya kwanza aliishusha kwa mikono yake, akaiegemeza mlangoni. Wajumbe wakamsihi: mialiko imekwisha kutoka, Mheshimiwa amekwisha kukubali kuja. Akasema, bila kupandisha sauti, "Muda wote ule, kila aliyenijia alikuwa amesimama. Daktari kasimama, huyu na masufuria yake kasimama, wote mnaniongelesha kutoka juu. Hizi peke yake ndizo zilizolala na mimi. Mkizisimamisha, mimi nilikuwa wapi?"

Nikaona ni zamu yangu. Nikatoa hoja ndefu, yenye karne kadhaa ndani yake, na kwa kweli nilijisikia vizuri. Hakuna aliyesogea.

Ndipo Mwenyekiti, ambaye mnamwona hapa na tai yake, na ambaye si mwepesi wa mwili, akavua koti, akalikunja, akalala sakafuni kwa ubavu wa kulia mbele ya picha ya ule mpapai. Fundi wa fremu alidhani amezimia, akakimbilia maji. Mwenyekiti akabaki pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Unanijia," akasema hatimaye. "Huu mti unanijia usoni."

Kisha: "Niinueni." Na alipokwisha kujipangusa: "Zigeuzwe zote."

Ndugu Mwenyekiti, nimesoma wahakiki wengi, na wengine nimegombana nao pembezoni mwa kurasa zao. Sijakuta mmoja aliyelala sakafuni kabla ya kutoa hukumu. Nakushukuru mbele ya walimu wangu. Nawashukuru pia mafundi waliong'oa misumari wakaipigilia upya, na muuguzi, ambaye kadi ilimsahau.

Mheshimiwa, leo hutahitaji kuvua koti. Picha zimelala kwa niaba yetu. Ombi letu kwako na kwa wageni wote ni dogo: mkiingia, shingo zitataka kuinama ili kuunyoosha ule mpapai. Msiziruhusu. Mwenye picha amekaa hapa mbele, mzima, na gari sikulitafuta. Simameni wima, muone alichokiona.

Mmenipa masikio yenu kwa uvumilivu, nami nawashukuru. Milango ni yako, Mheshimiwa.