Herufi Saba za Mfukoni

"Samahani, mwalimu, hebu nisomee hii," alisema mwanamke mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alimpa jirani yake wa kiti kwenye basi, mwanamke mwenye rundo la madaftari mapajani, karatasi aliyoitoa mfukoni mwa suruali ya mumewe. Ilikuwa na miandiko miwili: wa mume, na wa karani wa kike wa ofisini kwake. Mimi, niliyekaa kiti cha nyuma yao, nikaacha kujifanya nimelala.

Mwalimu alilazimika kufungua kamusi kwenye simu. "Neno hili ni aina ya ng'ombe. Hili ni shoka la kukatia vigae. Hakuna mapenzi hapa, dada. Ni mchezo tu: wana herufi saba, wanashindana kuunda maneno ya Kiingereza yasiyojulikana na watu."

"Afadhali yangekuwa mapenzi!" Basi zima liligeuka. "Mapenzi ningempiku! Mimi nikimuuliza habari za kazi ananijibu 'nzuri', mwaka wa kumi na moja huu. Kumbe maneno anayo, anampelekea mwenzangu! Lete kalamu."

Basi liliposimama, fundi alikuwa ameunda neno moja kwa herufi zile saba. Mwalimu akamwambia, kwa upole, kwamba hilo kila mtu analijua.