Nyasi za Kyabweru: Wasifu wa Mama Evaresta Adelard

Marehemu Evaresta Adelard alizaliwa Kaisho, Kyerwa, tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa nne wa Mzee Adelard na Mama Umutesi. Alisoma shule ya msingi huko huko Kaisho hadi darasa la saba, akahitimu mwaka 1976.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa na Dastan Telesfori, akahamia hapa Chonyonyo. Alilima migomba na kahawa, tena alisuka mikeka ya mafunjo ya bonde la Kyabweru. Huko ndiko alikozoeana na vyura wadogo wa kijani wanaotaga mayai kwenye nyasi za majini. Mwaka 2014 wataalamu wa uhifadhi walisema vyura hao wanakaribia kwisha, na kijiji kikamchagua Evaresta awe mlinzi wa bonde. Alipanda upya mafunjo. Alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi watu wasichimbe mitaro ya kukausha maji ili walime maharage. Wachache walimsikia, wengi walichimba. Mwishoni kilibaki kipande kimoja tu, chini ya chemchemi.

Walimwita Mama Vikere, yaani mama wa vyura. Siku moja gulioni Kanoni, jirani yake Aristides, mwuza mbuzi, alimtania: "Mama Vikere, hao wanao unawala na ndizi?"

"Shemeji, wewe wako unawafunga kamba shingoni unawauza, nimekuuliza?"

Watu walicheka, na Aristides alicheka kuliko wote.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2023. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Februari mwaka huu alimshika mkono binti yake Allen, akasema: "Nikifa, msinitandikie nyasi za Kyabweru. Mikeka yangu inatosha." Allen aliahidi. Mama alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, alasiri.

Jumatatu asubuhi majirani walifika na mizigo ya nyasi mbichi za kutandaza ndani, kama ilivyo desturi yetu msibani. Za mlimani ziliungua na moto wa kiangazi. Mbichi zilibaki Kyabweru tu. Mzigo wa kwanza aliubeba Aristides, macho mekundu.

"Binti, mama yako hawezi kuliliwa kwenye sakafu tupu. Tumemkatia zilizo nzuri kuliko zote."

Allen alinyoosha mikono yote miwili. Akampokea mzigo.

Mzee Dastan aliwaokota vyura waliodondoka kwenye mizigo, akawatia katika beseni la maji, akateremka nao bondeni. Hakukuta hata jani la kuwashikiza. Alirudi nao.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, Allen, Mackrine na Telesfori, wajukuu watano, na dada yake Stephania. Familia inawashukuru wote mliomletea nyasi. Beseni liko kivulini nyuma ya jiko. Tunaomba atakayenawa mikono asimwage maji ya beseni hilo.

Mungu ampokee Evaresta, ampe pumziko lenye amani.