Modo wa Bukima

Hyasinta alijifunika kanga kiti cha nyuma cha Noah ya abiria, masikio yote mbele.

"Binti wa mzee Bernado kaingia mashindano ya modo, ya dunia nzima!" mama mmoja alimwambia abiria mwenzake. "Baba yake alikuwaga anasoma masomo kanisani. Siku hizi anajificha benchi la nyuma."

"Si ulisema binti anasoma hesabu chuo?"

"Hesabu gani ya kutembea uchi?"

Mashindano yalikuwa ya hesabu kweli, kuunda modeli ya kukadiria ziwa litafurika wapi. Lakini kwenye simu Hyasinta alimwambia baba yake "modelingi" tu, akaona uvivu kumfafanulia.

"Bukima!" dereva akaita. "Binti Bernado, umefika!"

Vichwa viwili viligeuka. Hyasinta akashuka akiivuta sketi chini, sketi iliyokuwa tayari inafagia vumbi.