Usukani wa Charger

Taksi ya Ggaba, basi dogo la abiria, ilikuwa inakaribia Kabalagala wakati Oyat, trafiki aliyevaa sare nyeupe, alipomwonyesha jirani yake picha kwenye simu. Ilikuwa gari la mfano, Charger ya Amerika ya mwaka sitini na tisa, ya plastiki, ya kuunganisha kwa gundi. Kiwanda kimeahidi kuitoa mwezi ujao.

Jirani, Mkongo muuza vitenge aitwaye Guerschom, akatoa simu yake. Picha ileile! Mimi niliyekaa nyuma yao nikadhani watakumbatiana.

"Ikifika tu, nahamisha usukani," Oyat akasema. "Naweka kulia."

"Afande! Kwa nini?"

"Hapa Uganda usukani unakaa kulia."

"Lakini gari yenyewe iko ndogo kama ndizi! Itaenda wapi? Juu ya kabati?"

"Hata juu ya kabati. Kabati iko Uganda."

Guerschom akajipiga paja. "Amerika waliweka kushoto, na kwetu Bukavu iko kushoto. Ukitoa ile usukani, umeua gari."

"Mimi nakamata watu kwa usukani wa kushoto kila siku. Sasa nifuge mhalifu sebuleni?"

Gari halijatoka hata kiwandani, na tayari lina kesi.

"Basi usinunue!" Guerschom akafoka. "Waachie wenye kuipenda!"

"Nitanunua mbili!"

Taksi ikasimama. Oyat akashuka akiwa bado anasema "kulia", akavuta mlango kuufunga, nao ukabaki mkononi mwake. Akautazama, akamkabidhi konda kwa adabu, akavuka barabara kwenda kusimamia sheria.