Nilikonda kwa Mizani, Nikasema Ninafunga

Sifa ni za Mungu peke yake, ndugu zangu, maana zangu mimi zimekwisha. Naitwa Rispa. Wengi wenu mnanijua. Mmekuwa mkiniita mama wa maombi, na kila mliponiita hivyo niliitika. Leo nimesimama kuwaambia jinsi nilivyopunguza mwili, jinsi nilivyowadanganya, na jinsi uongo wangu ulivyomfikia mtoto wa Dorina. Nitasema kwa Kiswahili chetu cha hapa Kisumu. Nikikosea lugha mnivumilie, lakini hilo kosa lingine msinivumilie.

Nilikuwa mnene. Nilipoolewa Usenge, nyumbani kwa mume wangu, unene ulikuwa heshima. Mama mkwe wangu alinishika mkono mbele ya wageni akasema, "Muone bibi ya kijana yangu. Nani atasema nyumba yake haina chakula?" Nami nikajisikia vizuri sana. Kisha Uhuru ukaja, wazungu wakaondoka maofisini, na mume wangu akapewa kiti cha mmoja wao. Pamoja na kiti alipewa nyumba kule Milimani, na pamoja na nyumba zikaja karamu. Wake za wakubwa wenzake walikuwa wembamba, wamevaa magauni mafupi, wanashika glasi kwa vidole viwili. Siku moja, katika karamu kama hiyo, kiti cha turubai kilinipasukia. Nikaanguka chali mbele ya watu. Ndugu zangu, kuanguka hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mume wangu hakuja kuniinua. Alisimama na wenzake akicheka.

Wiki iliyofuata aliniletea kipande cha gazeti alichokikata kwa mkasi. Kulikuwa na mama mmoja aliyefungua darasa la kupunguza mwili hapa mjini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mtu analipa, anapewa kadi, anapimwa kila Alhamisi. Mume wangu aliweka karatasi ile mezani akaniambia, "Mama, fikiria tu. Mimi sikulazimishi." Wanawake mlioolewa mnayajua maneno ya namna hiyo.

Nikafikiria kweli. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikipara magamba ya samaki wetu ngege, huku napima upande huu na upande ule. Faida zilikuwapo, na sitawadanganya tena kwa kusema darasa lile lilikuwa la shetani. Magoti yangu yalikuwa yananiuma nikipanda mlima kurudi nyumbani. Daktari alikuwa ameniambia damu yangu inakwenda kwa nguvu mno. Gauni la kanisani lilikuwa limefunguliwa mishono mara mbili, na hapakubaki kitambaa cha kufungua tena. Upande wa hasara kulikuwa na njaa, na kulikuwa na ada, ambayo ingetoka kwenye kile kidogo nilichokuwa nikimtumia mama yangu mzazi. Kulikuwa na kusimama juu ya mizani mbele ya wageni kama gunia la pamba. Na kulikuwa na maneno ya watu wa nyumbani, maana kwetu hakuna aliyewahi kusikia mtu analipa ili akae na njaa. Nikipima kwa haki, pande zote mbili zilikaribia kulingana. Lakini kile kicheko cha mume wangu nilikiweka upande wa faida, na hapo sikupima tena. Alhamisi nikaenda.

Mwenye darasa tulimwita Madamu. Alisomea kazi hiyo Nairobi, alivaa koti jeupe, na hakuwa mtu mbaya. Siku ya kuandikishwa alimuuliza kila mmoja maswali mawili: una mimba, unanyonyesha? Mbele yangu alikuwapo mama mwenye mtoto mgongoni. Madamu alimrudisha kwa upole. "Mama, rudi mtoto akiacha ziwa. Hiki chakula chetu si chako sasa." Nilisikia kwa masikio yangu, ndugu zangu. Naomba mlishike hilo.

Chakula chenyewe kilikuwa hivi. Asubuhi yai moja la kuchemsha na nusu balungi, chai bila sukari. Mchana mboga za kuchemsha bila mafuta. Jioni supu, na mara tatu kwa wiki kipande cha nyama isiyo na mafuta, au samaki wa kuchoma. Ugali ulikatazwa kabisa. Na aliyepanda uzito wiki ile alivishwa mkufu wa karatasi wenye picha ya kiboko, akae nao mpaka darasa liishe. Nilivaa kiboko hicho mara mbili. Nilicheka pamoja nao ili wasijue, nikalia kwenye ngazi wakati wa kushuka. Baada ya hapo mwili ulianza kushuka, na ukashuka kwa kasi. Walinipigia makofi. Mume wangu alininunulia gauni jipya bila kuombwa.

Halafu tukaenda Usenge kwa matanga ya shemeji. Nilipita katikati ya wanawake waliokuwa wanaanika omena, dagaa wetu wa ziwani, na wote wakaacha kazi kunitazama. Mnajua kwetu mtu akikonda bila homa hawamuulizi daktari. Wanauliza ni mwiko gani umevunjwa katika boma, kwa sababu mwiko ukivunjwa mtu huisha mwili kidogo kidogo mpaka afe. Ndiyo tunayoita chira. Mama mkwe wangu hakungoja. Alichemsha dawa za mizizi kwenye chungu, akaniita mbele ya wazee wa boma, akaniambia, "Nyathina, mwanangu, sema ulifanya nini. Ukificha utakufa, na utatuulia watoto."

Ningefanya nini? Ningewaambia wazee wale kwamba mwana wao anataka mke wake alipe pesa ili asile? Wangemcheka yeye, na mimi wangeniona nina wazimu. Neno likanitoka mdomoni hata kabla sijalichagua. Nikasema, "Mama, hakuna mwiko. Ninafunga. Ninafunga na kuomba kwa ajili ya boma hili."

Wakaangaliana. Mzee mmoja akavua kofia. Mama mkwe wangu, aliyekuwa hajanyenyekea kwa mtu tangu nimjue, akamwaga dawa zake nje na kunishukuru. Nami, ndugu zangu, nikajisikia vizuri kuliko siku ya kupigiwa makofi na Madamu.

Habari ilifika hapa Kisumu kabla yangu. Mkanipokea kwa wimbo. Mchungaji alinitaja madhabahuni, mkanipa kuongoza maombi ya akina mama kila Jumatano. Nani kati yenu aliniuliza kwa nini kila Alhamisi mchana sionekani? Hakuna. Siwalaumu, lakini nasema. Nikawa na makofi Jumatano na makofi Alhamisi, kwa mwili mmoja, na kila mahali kwa sababu tofauti.

Sasa niwaeleze habari za Dorina. Alikaa mtaa wa Obunga, akiuza omena kwa mikebe. Mume wake alikwenda kwao Ahero kulima kwenye mashamba ya mpunga, akapata mwanamke mwingine huko, akaacha kurudi. Alimwachia mtoto wa miezi minne, Achieng', msichana mwenye mashavu. Jumatano moja baada ya maombi Dorina alinifuata nje, mtoto mgongoni.

"Mama Rispa," akasema, "wewe unafungaje na bado unasimama? Mimi nikifunga siku moja naona giza. Nataka nifunge mpaka Baba Achieng' arudi."

Mtoto alikuwa amelala, mdomo umeegemea shingo ya mama yake. Maneno ya Madamu yalinijia palepale: rudi mtoto akiacha ziwa. Neno moja tu lilitosha, wewe usifunge, unanyonyesha. Lakini angeniuliza nimelijuaje hilo, na mimi niliogopa swali. Na tena, niseme yote, nilipenda vile alivyokuwa ananitazama. Kwa hiyo nilimpa mpango wangu. Nilimwambia asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana mboga za kuchemsha, jioni maji ya moto. Mayai nikayaondoa. Nyama nikaiondoa, na samaki, na balungi, maana mtu anayefunga hali mayai, na kama ningemtajia mayai angeshangaa. Mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa nimekula yai.

Dorina akafunga. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mashavu yakamwingia ndani, nami nikamsifu mbele ya akina mama wote, nikasema mtazameni dada yetu alivyo na bidii. Achieng' akaanza kulia katikati ya maombi, kilio chembamba kisichokoma. Tukamwombea mtoto. Tukakemea roho ya usumbufu. Wanawake thelathini waliozaa na kulea walimzunguka yule mtoto, na hakuna aliyesema mtoto ana njaa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naongoza.

Mtoto alipoanza kuharisha tulimpeleka hospitali. Muuguzi alimbonyeza Dorina ziwa, likatoa tone moja. Akamuuliza, "Wewe unakula nini?" Dorina akasema, "Ninafunga, sista." Muuguzi akakasirika sana. "Nani alikwambia unyonyeshe na ufunge?" Dorina hakunitaja. Alinigeukia tu, akangoja nimweleze huyo muuguzi mambo ya Mungu. Nami nikatazama sakafu.

Achieng' alikufa siku ya tatu.

Tulimpeleka Ahero, kwa babu yake, wakati maji yalikuwa yametanda mashambani, hata kaburi lilichimbwa huku likijaa. Na mume wa Dorina alirudi. Ndiyo, ndugu zangu, ombi lile lilijibiwa. Alirudi bomani kwa baba yake kuzika mtoto, akasimama upande wa wanaume, na jioni akaenda zake kwa yule mwanamke. Wazee walimtaka mama wa maombi aombe. Nikaomba. Niliomba kwa maneno mazuri, sauti haikunitetemeka, na watu wakasema amina. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote niliyofanya.

Baada ya maziko Dorina alinivuta pembeni, nyuma ya ghala la mpunga. Alikuwa amebaki mifupa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kuna kitu sijakwambia. Siku moja nilishindwa. Nilikula omena, konzi moja, nikiwa pale sokoni. Ni kwa sababu hiyo Mungu amemchukua?"

Nimesikia watu wakishuhudia kwamba waliona nuru au walisikia sauti. Mimi sikusikia sauti nyingine isipokuwa hiyo. Mwanamke aliyezika mtoto wake saa ile anaomba msamaha kwa kula konzi ya omena, na anauomba kwangu mimi. Moyo wangu, uliokuwa mkavu kaburini, ulipasuka. Nikapiga magoti kwenye matope na gauni langu jipya, nikamwambia yote. Nilimwambia juu ya Madamu, na mizani, na kadi, na kiboko, na mama aliyerudishwa na mtoto wake. Nilimwambia sikuwahi kufunga hata siku moja.

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Aliuliza tu, "Ulikuwa unakula mayai mangapi?"

Nikamwambia, "Moja. Kila asubuhi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei, akaondoka.

Ndugu zangu, saa ile ndiyo Bwana aliponifungua. Hakunifungua unene, mwili umeanza kurudi, mnaniona. Wala siwazuii kupunguza mwili, na mwenye magoti mabovu afuate daktari wake. Alinifungua kutoka kupenda kusifiwa, ambako kulinishika kooni kuliko njaa yoyote. Mume wangu amekasirika kwamba nasema haya hadharani, na huenda nikirudi nyumbani leo nikute mlango umefungwa. Mama mkwe wangu nitamfuata Usenge nimwambie pia. Uongozi wa Jumatano nauweka chini hapa mbele yenu, na msinirudishie. Msamaha wa Mungu nimeupokea kwa kutetemeka, nami namshukuru kwa ajili yake, ingawa kuna siku sioni ni kwa nini anipe.

Kama kati yenu yupo mtu anayeitikia jina ambalo si lake, mama wa maombi, mzee wa imani, sijui nini, nakusihi uje leo kwa Yesu na useme ukweli kabla hajatokea mtu wa kukufuata. Anapokea hata sisi. Mimi ni shahidi wa hilo.

Na Dorina hayupo hapa. Amekataa kukanyaga kanisani, na wanasema bado hali chakula vizuri. Msimwendee na wimbo, wala msimwambie anisamehe. Mwendeeni na ugali na samaki, mkae chini naye, mle pamoja naye mpaka mwisho. Na akiwauliza ni nani aliyewatuma, msimdanganye.