Zamu za Ijumaa za Dada Yetu

Wapendwa, kabla sijasoma namwomba Mungu na ninyi mnisamehe, kwa sababu mimi, mdogo wake marehemu, niliweka sahihi kwamba nimejifunza kufungua lango la bwawa, nami sikuwa nimejifunza.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, wa kwanza kati ya wanne, akamaliza shule ya msingi mwaka 1982, akasomea ufundi wa maji, na tarehe 3 Februari 1988 akaajiriwa na halmashauri ya mji, idara ya maji, akafunga ndoa na shemeji yetu mwalimu tarehe 12 Desemba 1992, Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwaka 1998 mto ulifurika siku ambayo mtu pekee aliyelijua lango alikuwa safarini, ofisi nzima ikabaki kutazamana, na baada ya mazishi mengi dada akaanzisha zamu za Ijumaa, kila mtu ajifunze kazi ya mwenzake, karani akashika spana, fundi akapokea simu za wananchi, mkuu wa idara mwenyewe akasoma vipimo vya mto, nasi tukamtania, "Mama Zamu, leo nani ni nani?", naye akajibu, "Leo wewe ni mimi, na mimi nimekufa, haya, fungua," tukacheka.

Mimi, mtunza stoo wa idara hiyohiyo, nilitia sahihi kwenye daftari la zamu na kwenda kunywa chai, naye akaniamini kwa kuwa ni damu yake, hadi tarehe 15 Aprili mwaka huu, saa tisa alasiri, zamu ikiwa yangu, maji yakavuka alama nyekundu ya hatari pale darajani, nikazungusha gurudumu la lango kinyume likakwama, ndipo dada, aliyekuwa likizo kwa ugonjwa wa mapafu, akaja na sweta lake, akasimama kwenye maji ya kiunoni mpaka lango likafunguka kabla bwawa halijapasuka, mtaa wa chini ukapona, yeye akalazwa jioni hiyo, akafariki tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa ofisini waliobeba jeneza.

Tangu alazwe hakuna zamu iliyofanyika, na leo tulipopita darajani naye niliona maji yamebakiza vidole vinne kufika kwenye alama, na sidhani kama sahihi ya uongo ni yangu peke yangu.

Pumzika kwa amani, dada, kazi yako umeimaliza.

Sasa wenzangu wa ofisini, naomba, yeyote aliyejifunza lango kweli anyooshe mkono.